Unga wa Mama Mkwe

Hakuna mtu pale Mapera aliyejua kunogesha kikao kama Mzee Urbani, na hicho ndicho kilichomponza. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, tena walisema hivyo bila kumwona Urbani ameshika kikombe cha chai na watu wa jumuiya wamemzunguka, wanangoja aanze.

Mambo yalikuwa hivi. Yeye na mkewe Luisa walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na paroko alikwisha kutangaza kanisani: Jumapili ya mwisho ya mwezi, jubilei ya dhahabu, maharusi watarudia ahadi zao mbele ya altare. Kwaya ilikuwa mazoezini. Gauni la Luisa lilikuwa kwa fundi. Basi jumuiya ikakutana nyumbani kwao kupanga chakula, na mwenyekiti wao, Augustino, akauliza swali la kawaida kabisa. Kwa kuwa bibi harusi ni mtu wa Lundo, kule ziwani, na ndugu zake watapanda kuja, je, utapikwa na ugali wa muhogo, au wa mahindi peke yake?

Mtu mwingine angejibu ndiyo au hapana yakaisha. Urbani akaweka kikombe chini.

"Muhogo? Ndani ya nyumba hii? Subirini niwape habari."

Akawapa. Zamani hizo, akiwa kijana, alishuka Lundo kujitambulisha ukweni. Akaletewa ugali wa muhogo, ule unaovutika, akautazama, akaona huu na yeye hawaivi. Lakini kukataa chakula cha ukweni ni matusi. Basi akamnong'oneza mshenga wake aende jikoni akamwambie mama mkwe kwamba kijana ana tatizo: akila muhogo anatoka vipele mwili mzima.

"Mimi na ngozi hii ya kiboko, vipele," akasema Urbani. "Na mama wa watu akaamini. Tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini, kila nikishuka Lundo nasongewa ugali wangu wa mahindi pembeni kama bwana mkubwa. Mkwe wangu amekufa hajui kwamba vile vipele nilivitunga palepale, nimekaa mkekani."

Watu walicheka mpaka Augustino akaomba wamwache apumue. Urbani alikuwa anajifuta macho kwa kiganja, raha imemjaa, wala hakumwona Luisa amesimama mlangoni na birika. Luisa aliingia. Alimimina chai kikombe kwa kikombe, akafika kwa mumewe, akampita. Alfajiri upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri, na kapu lake la safari halikuwepo.

Ujumbe aliuacha kwa mjukuu wao Jacqueline, msichana wa kidato cha tatu waliyemlea tangu mdogo, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo. Naye aliufikisha kama alivyopewa, hakupunguza.

"Babu, Bibi amesema hivi: 'Mwambie huyo mwanamume wa Mapera nimekwenda kwetu. Akitaka mke wa kusimama naye kanisani, njia anaijua.'"

"Atarudi," akasema Urbani. "Ule ulikuwa utani tu."

Utani, eti. Jamani, huku kwetu utani una mipaka yake na hata mtoto anayeota meno anaijua. Babu na mjukuu wanataniana: Urbani humwita Jacqueline mchumba, Jacqueline humwita mume wangu mkongwe, na Luisa humwita mjukuu huyohuyo mke mwenzangu, na hakuna anayenuna. Mashemeji ndio usiseme, wanataniana mpaka msibani. Lakini mama mkwe hataniwi. Ukikutana naye njiani unampisha. Ukiwa na neno la kumwambia unamtuma mtu. Sasa Urbani hakumtania tu, alimtania akiwa kaburini, mbele za watu, kwenye kikao cha jubilei ya binti yake. Angefanya hivyo kijana, angekula kibao.

Siku zikapita, Luisa hakurudi. Jacqueline alipika viazi vitamu vya kuchemsha asubuhi, akavipasha moto jioni, kwa sababu na yeye alikuwa upande wa bibi yake. Urbani alivila hivyohivyo. Kila pikipiki iliyopanda kilima ilimtoa nje, na kila ilipopita alijifanya alikuwa ametoka kutazama kahawa iliyoanikwa.

Jioni moja alimkuta mjukuu wake ameinamia kazi za shule, kamusi iko pembeni.

"Unaandika nini, mchumba?"

"Kazi ya likizo. Mwalimu wa Kiingereza katupa maneno mawili tu, make up. Tutoe maana zote, na kila maana tuitungie sentensi kutokana na mambo yaliyotokea kweli nyumbani kwetu. Amesema hataki sentensi za kwenye kitabu."

"Maneno mawili, likizo nzima? Kwani yana maana gani?"

"Inategemea. Maana ya kwanza ni kuzua jambo ambalo halipo."

"Kama nini?"

"Kama vipele, babu."

Urbani akakohoa, akauliza ya pili. Ya pili, Jacqueline akamwambia, ni kujipamba uso kwa poda na wanja. Ya tatu ni kupatana na mtu mliyekosana. Ukitia for nyuma yake inakuwa kufidia ulichoharibu. Na ukitia mind, basi umekata shauri.

"Waingereza ni wachoyo wa maneno," akasema Urbani. "Neno moja wanaendea nalo shamba, wanaendea nalo kanisani. Sasa mtu akiniambia make up nitajuaje kama anataka tupatane au ananizulia?"

"Unatazama anachofanya."

Urbani akaifunga ile kamusi. Alijua maana ipi ilikuwa inamsubiri, na ndiyo maana akaiacha akachukua nyingine.

"Hiyo ya poda," akasema, "ndiyo nyepesi. Kesho twende Mbinga."

Mbinga mjini waliingia dukani kwa Zamda, mama ambaye wazee wake walitoka Kilwa na ambaye anauza vitenge upande mmoja na vipodozi upande wa pili. Zamda akamwamkia, akampongeza kwa jubilei, akauliza mama mwenyewe yuko wapi aje achague rangi ya poda inayomfaa.

"Yuko kwao," akasema Urbani. "Anasalimia."

Jacqueline akatazama dari. Zamda amewauzia wanaume wa Mbinga poda miaka mingi, na mwanamume mzima akija kununua poda bila mkewe, Zamda anajua huyo ana kesi.

"Mzee wangu," akasema, "mwanamke aliyerudi kwao hapelekewi poda, anapelekewa magoti. Lakini mimi ni mfanyabiashara, siwezi kukukatalia." Akamfungia poda na kitenge juu yake. Urbani akatoka dukani anapiga mluzi, akiamini shughuli imekwisha.

Siku ya pili yake wakashuka Lundo. Ilikuwa Alhamisi, na jubilei ilikuwa Jumapili. Barabara ile inatoka milimani kwenye baridi inakwenda kumwagika ziwani, na kadiri walivyoshuka ndivyo joto lilivyozidi na maneno ya Urbani yalivyopungua. Alikuwa anatunga hotuba.

Walimkuta Gertruda, mdogo wake Luisa, anageuza usipa, wale dagaa wa Nyasa, juu ya kichanja. Alipomwona shemeji yake anakuja na mfuko wa dukani, uso ulimchanua. Alikuwa amemngoja mtu huyu kama watoto wanavyongoja Krismasi.

"Mume wangu, karibu," akasema. "Dada amekukataa, sasa umekuja kunichukua mimi? Ngoja nikaoge."

"Shemeji, nimekuja kwa heshima."

"Heshima ndiyo hiyo umeifunga kwenye mfuko?"

Akatandikiwa mkeka uani. Kaka zake Luisa wakaja wakakaa, wamekaza nyuso kama wazee wa baraza, na kila aliyemtazama Urbani ilibidi ageukie pembeni haraka asije akacheka. Luisa alikuwa ndani. Urbani aliusikia ungo wake ukipepeta, akasikia na kikohozi chake, ila hakutoka.

Urbani akaanza hotuba. Tangu mkewe aondoke, akasema, yeye halali. Kifua kinambana. Daktari wa Mbinga amempima na amesema…

"Amesema una vipele?" akauliza Gertruda.

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Urbani akaona heri atoe zawadi. Gertruda akafungua kikopo cha poda, akajipaka mashavu yote mawili na paji la uso, akawa mweupe kama mtu aliyetoka kusaga mashineni. Akakunja kitenge, akakikalia.

"Asante, mume wangu. Sasa tuongee." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unajua unga wa mahindi uliokuwa unakula hapa ulitoka wapi?"

 Miaka yote ile Urbani hakuwahi kuuliza.

"Sisi hatukuwa na mahindi," akasema Gertruda. "Ukitokeza tu pale njiani, mama alikuwa anachukua samaki aliyetuwekea sisi watoto, anapita naye nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana unga wa mahindi ambadilishie. Siku nyingine anarudi na vikombe viwili. Siku nyingine kimoja. Sisi tunakula na majani, wewe unakula unatusimulia bei ya kahawa. Mama hakulalamika, na sisi alitukataza. Alisema mkwe wake ni mgonjwa."

Mkekani hapakuwa na anayecheka tena. Urbani alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mama hayupo umwombe radhi," akaendelea Gertruda. "Kwa hiyo utafanya alichokifanya. Chukua kikapu hiki. Pita nyumba kwa nyumba uombe unga wa muhogo, na kila nyumba useme unauombea nini. Ukirudi utakula hapa tukikuona. Ukimaliza ndipo tutamuuliza dada kama ana safari Jumapili."

Urbani akatazama mlango. Nyuma ya mlango ule ungo ulikuwa umenyamaza. Akainua kikapu, Jacqueline akamfuata.

Sasa sikilizeni alichofanya mzee huyu. Nyumba ya kwanza tu, ulimi ukamwasha. Mzee mzima, mwenye jubilei ya dhahabu, asimame kwenye ua wa watu aseme nilimdanganya mama mkwe? Akasema Gertruda amepata wageni na ameishiwa unga. Akapewa. Nyumba ya pili akamsukuma Jacqueline mbele: mtoto huyu ametumwa na shule kukusanya unga wa kila aina. Akapewa, na mtoto akapongezwa kwa kupenda masomo. Ya tatu, ili isifanane na zilizotangulia, akasema mke wangu Luisa yu hoi kitandani, hajatia kitu mdomoni tangu jana, ametamani uji wa muhogo. Hiyo ilimnogea mwenyewe. Akaenda nayo nyumba zote zilizofuata, na kila nyumba ugonjwa ukawa unazidi.

"Babu," akasema Jacqueline njiani, "kwa upande wa kuzua nina sentensi za kutosha. Nilikuwa nahitaji moja."

"Unga ni unga. Ukishaingia kikapuni nani atajua umetoka kwa neno gani?"

Wakarudi kikapu kimejaa. Gertruda akamuuliza kama amesema kweli, akajibu kweli tupu. Hata hakuwa amekaa vizuri mkekani, akina mama wa jirani wakaanza kuingia uani. Mmoja ana chungu cha uji. Mwingine ana majani ya dawa. Mwingine amekwisha kujifunga kanga kiunoni, tayari kwa lolote, na wote wanaongea kwa sauti za chini: poleni, mgonjwa yuko chumba kipi, amepata usingizi?

Mlango ukafunguliwa. Luisa akatokea, mzima wa afya, ungo mkononi. Akawatazama majirani. Akautazama uji. Akamtazama mumewe kuanzia kofia mpaka viatu, halafu akarudi ndani na kufunga mlango taratibu.

Ni ule upole uliomwogopesha Urbani. Mpaka hapo alikuwa anaona haya yote ni mchezo wa mashemeji, ambao mwisho wake mtu anacheka, anapewa mke wake anaondoka. Lakini Luisa akikasirika hubamiza mlango. Miaka hamsini alikuwa anabamiza mlango, na Urbani alikwisha kubadilisha bawaba zaidi ya mara moja. Hakuwahi kumwona akiufunga namna ile, kama mtu aliyemaliza kazi. Akaiona Jumapili: kwaya imesimama, paroko amefungua kitabu, na yeye yuko peke yake mbele ya altare.

"Rudisha," akasema Gertruda, akiwa bado na poda usoni, wala hakuna aliyemcheka. "Kila nyumba unga wao. Kisha uombe upya."

Akarudisha. Akaomba upya. Nyumba ya kwanza alisema kweli huku anaangalia ardhi, na mwenye nyumba akamwambia arudie, hakusikia. Nyumba ya pili walimwita na babu yao atoke ndani aje asikie. Kwetu milimani tunalima ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji yasichukue udongo, na kila mtu anajua jinsi kazi ile inavyovunja mgongo. Urbani aliona heri angepewa mlima mzima wa ngolo achimbe peke yake, maana ngolo unachimba umeinama na hakuna anayekuona uso. Lakini watu wakishacheka walimpa. Walicheka, wakampa, wakasema mkweo alikuwa mtu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja aitwaye Tadea, mkongwe, jirani wa zamani wa ukweni kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage kwa kuyapapasa, kwa kuwa macho yamepungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti hiyo si ya yule wa vipele?"

"Ndiye mimi. Bibi, sikuwa na vipele. Nilimdanganya mkwe wangu, na juzi nimemcheka mbele za watu. Nimetumwa niombe unga wa muhogo, nile nilichokikataa." Alikwisha kusema maneno hayo nyumba nyingi, sasa yakawa yanatoka yenyewe bila kupindapinda.

Tadea akacheka kicheko cha ufizi mtupu. "Kwani wewe unadhani muhogo hujaula?"

"Sijaula, bibi."

"Safari yako ya pili kuja hapa, mahindi yalikosekana. Mkweo alikuja akakaa hapo ulipo, ana kikombe kimoja tu. Akaniambia, 'Tadea, nitachanganya na muhogo, Mungu anisamehe, na kijana akitoka vipele nitampelekea mafuta.' Akakusongea. Ukala ukamaliza, ukatuma mtu jikoni kusifu. Mama wa watu akangoja vipele mpaka jua likazama. Havikutoka."

Jacqueline alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Urbani hakujiziba, mdomo wake ulikuwa wazi.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

"Tangu siku hiyo. Na tangu siku hiyo kila ulipokuja alikuchanganyia. Wewe umekula muhogo wetu kuliko watu wengine waliozaliwa hapahapa."

Urbani akaukumbuka ule ugali. Jamani, ugali ule. Ni yeye aliyekuwa anamwambia Luisa kila mwaka kwamba ugali wa mahindi wa mama yake una ulaini ambao yeye Luisa hauwezi. Ni yeye aliyewatangazia watu wa Mapera kuwa mahindi ya ziwani yana utamu wake.

"Mbona hakusema?"

"Aseme nini? Mama mkwe amuumbue mkwe? Aliniapisha na mimi nisiseme. Alisema, 'Huyu kijana chakula chetu hakipendi, lakini ameona haya kukikataa, akahangaika kutafuta uongo wa kunistahi. Mwenye haya namna hiyo hatamtesa mwanangu.' Akaendelea kutafuta mahindi, hata hicho kikombe kimoja. Nilimwambia, wee, si umpe muhogo mtupu, atajuaje? Akasema hapana, kijana aliomba mahindi, na mahindi lazima yawemo." Tadea akampimia unga, akamimina kikapuni. "Haya, nenda ukale."

Basi, Urbani ni Urbani. Wazo la kwanza lililomjia alipotoka pale lilikuwa kwamba ameshinda. Kama mama alijua, hakuna aliyedanganywa. Tena yeye ndiye aliyelishwa muhogo kwa hila. Kama ni radhi, aombwe yeye. Akaanza kupanga maneno, na maneno yakajipanga vizuri ajabu, hotuba ambayo hata Gertruda angekosa pa kuishika.

Akatembea nayo kidogo, kisha hatua zikapungua. Kile kikombe kimoja hakikumtoka kichwani. Mtu amekwisha kujua anadanganywa, ana kila sababu ya kukaa kwake na kula samaki wake, lakini bado anainuka, anapita kwenye nyua za watu na samaki mkononi, anaomba kikombe kimoja cha mahindi, ili uongo wa mkwe wake usimwangukie mkwe wake. Na huyo ndiye mtu ambaye yeye Urbani alimcheka juzi, kikombe cha chai mkononi. Urbani akakaa chini palepale njiani, kikapu magotini, akalia. Aliona aibu na alimpenda yule mama, vyote kwa pamoja, naye hayupo wa kuambiwa. Jacqueline akakaa karibu yake. Safari hii hakuwa na utani.

Walipofika, Gertruda aliupokea unga, akausonga mwenyewe. Sahani ilipotoka jikoni aliyeibeba alikuwa Luisa. Akaiweka mkekani mbele ya mumewe, na usipa pembeni, akasimama na mikono kiunoni.

Urbani akanawa. Akamega, akachovya, akala. Akala mpaka sahani ikaonekana chini, kaka zake Luisa wakimhesabia matonge, na ladha ile aliijua kama anavyoijua nyumba yake. Alipomaliza hakuitoa ile hotuba nzuri.

"Luisa," akasema, "sijitetei. Nimekosa." Kisha akamwambia aliyoyasikia kwa Tadea. Alisimulia vibaya, maneno yakikwama, akisahau na kurudi nyuma, habari ya kile kikombe akaitaja mara mbili, wala hakungoja mtu acheke. "Mama yako alijua tangu mwanzo. Miaka yote niliona nimemweka kiganjani, kumbe yeye ndiye aliyeniweka. Akanisitiri mpaka anakufa."

Luisa alianza kutikisika mabega. Urbani akadhani analia, na kweli alikuwa analia, ila kicheko kilikuwa kimetangulia. Alikaa mkekani, akajifuta kwa ncha ya kanga, akacheka tena.

"Siku zote hizi nimelia," akasema, na alikuwa anamwambia yeye Urbani, uso kwa uso, "kwa kuwaza kwamba mama yangu alikufa akiwa mjinga wa mtu. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani, si ugali. Niliona siwezi kusimama kanisani na mtu aliyemfanya mama yangu mjinga."

"Mjinga nilikuwa mimi."

"Hilo mimi nalijua siku nyingi," akasema Luisa. "Lakini watu wa Mapera bado wanadhani ni mama. Jumapili nitasimama na wewe, Urbani. Na tukitoka kanisani, kabla ya mtu kunawa mikono, utasimama mbele ya Augustino na wote waliocheka na kwaya nzima, uwasimulie habari hii."

"Nitawasimulia," akasema Urbani haraka, na macho yakaanza kumng'aa, kwa maana alikwisha kuiona shughuli nzima, na jinsi atakavyoanza, na mahali atakaponyamaza kidogo ili watu waombe aendelee.

"Utawasimulia kama ulivyonisimulia mimi sasa hivi," akasema Luisa. "Vilevile. Usiongeze kitu."

Sahani nzima ya muhogo ilikuwa imempita kooni bila taabu. Sasa ndipo Mzee Urbani alipoomba maji ya kunywa.